Oili ya Injini ya Mashua, na Vifuniko Vyake

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanachama wa tawi letu, Kisumu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu walio kazini mbali, ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi yetu sisi watu wa reli tulio gatini. Twajua wengi wenu ni watu wa gari la moshi: madereva, mafundi wa mabehewa, watu wa ishara na watu wa njia. Pengine mtu atajiuliza, mambo ya mashua yanatuhusu nini? Ndugu, reli na ziwa ni mtu na nduguye. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku zile watu wa reli wamekuwa na vyombo majini. MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilijengwa ibebe mabehewa juu ya maji. Tena injini ni injini. Tutakayosema juu ya mashua, fundi wa dizeli wa nchi kavu atayatambua.

Hatutasema habari za meli kubwa. Tutasema habari za mashua ndogo yenye injini ya dizeli ndani ya tumbo lake, ile inayopeleka watu na vifaa gati hadi gati. Na katika injini hiyo tumechagua jambo moja tu: kubadilisha oili na kuziba vifuniko visivuje. Ni kazi ambayo wakubwa huiita ndogo. Kwanza tuwaeleze jinsi kazi hiyo ndogo ilivyokaribia kuwapoteza watu sita.

Ilikuwa mwaka 2022. Mwajiri hatumtaji, maana hatukuja hapa kusengenya. Jioni moja tuliambiwa mashua fulani itaondoka alfajiri, na oili yake imepita saa zake. Tulikuwa wawili. Tukatoa oili, tukabadilisha filta, tukafungua mlango wa pembeni wa injini ili tutazame ndani. Gasketi ya mlango ule ilikuwa ngumu kama biskuti, ikavunjika vipande vitatu. Tukaenda stoo. Karani akasema karatasi ya gasketi hakuna, labda wiki ijayo. Mwenzetu akaandika katika daftari la kazi kwamba ameomba gasketi hajapata. Msimamizi akaja, akatazama saa yake, akasema, "Rudishieni hiyo hiyo, pakeni gamu, mashua iondoke." Tukarudisha. Tukapaka gamu nyingi. Tukakaza nati kwa nguvu zetu zote, tukaenda kulala.

Asubuhi mashua ikaondoka na watu sita. Walipokuwa karibu na Kendu Bay mtu wa injini akaona geji ya oili inashuka. Akafungua mbao za sakafu, akaona ngama yote imejaa oili nyeusi ikielea juu ya maji. Kwa akili yake njema alizima injini mara moja. Lakini mashua bila injini ni gogo. Upepo uliwasukuma muda wa saa tatu, mawimbi yakiingia ndani, mpaka wavuvi walipowaona na kuwafunga kamba. Mungu aliwasaidia, hakufa mtu.

Kesho yake barua ilifika. Haikwenda kwa msimamizi wala kwa stoo. Ilikuja kwa mwenzetu, ikisema amefanya kazi kwa uzembe, asimame kazi bila mshahara. Tutarudi kwenye barua hiyo. Kwanza tuonyeshe kazi yenyewe inavyopaswa kufanywa, ili kila mmoja aone ni nini kilichorukwa usiku ule.

Jambo la kwanza ni kujua mashua si lori. Lori unaingia chini yake, unafungua bolti ya sampu, oili inamwagika katika karai. Katika mashua, chini ya sampu pana nafasi ya kiganja tu, na chini ya hapo ni mbao za chombo. Bolti ile huwezi kuifikia, na ukiifikia, oili itaingia ngama. Kwa hiyo oili ya mashua hutolewa kwa juu. Unatumia pampu ya mkono, mrija wake unapita katika tundu la kijiti cha kupimia, au katika bomba lililofungwa kwenye sampu kwa kazi hiyo.

Kabla ya kupampu, washa injini dakika 10 au 15. Oili baridi ni nzito, tena uchafu hukaa chini usitoke. Oili yenye joto ni nyepesi na hubeba uchafu wake pamoja nayo. Lakini joto lisiwe la kuunguza. Kisha zima, funga dizeli, toa waya wa betri, na tundika kibao kwamba watu wako kazini. Ndugu wa reli mwaijua sheria hii: hakuna mtu anayeingia chini ya behewa bila kuweka bendera. Katika mashua bendera yako ni ule waya wa betri uliotolewa.

Oili inapotoka, pima. Ikiwa kitabu cha injini chasema lita 8, nawe umetoa lita 5, jiulize lita 3 zimekwenda wapi. Ama zimeungua, ama zimevuja, ama bado zimo ndani. Kisha itazame. Oili nyeusi ya dizeli si ajabu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, dizeli inavuja ndani. Ikimetameta kama mchanga wa fedha, kuna chuma kinachosagika, pengine beringi. Kumwaga oili ya namna hiyo na kutia mpya bila kutafuta sababu ni kupaka rangi nyumba inayoungua.

Hapa kwetu Kisumu kuna adui mmoja zaidi, naye ni gugumaji. Tangu miaka ya 1990 jani hili limeziba ghuba yetu mara nyingi. Linaziba chujio la maji ya kupoza injini. Injini ikikosa maji hupata moto, na injini iliyopata moto huharibu oili kabla ya saa zake, tena huikausha gasketi ikawa kama ile biskuti tuliyoisema. Vitabu vingi vya dizeli ndogo husema badilisha oili kila saa 100 hadi 250. Fuata kitabu cha injini yako, lakini ikiwa imewahi kupata moto, usingoje.

Filta nayo ina mtego wake. Unapoifungua ile ya zamani, tazama kwamba mpira wake umetoka pamoja nayo. Mara nyingi mpira hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake utakuwa na mipira miwili, na injini ikiwaka, oili yote itarushwa nje kwa dakika chache. Paka mpira mpya oili kidogo, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha zungusha tena kadiri filta yenyewe inavyoagiza. Filta nyingi huagiza kama robo tatu ya mzunguko. Usiikaze kwa spana.

Sasa tufike kwenye vifuniko, maana hapa ndipo penye maneno yetu.

Injini ina kifuniko cha juu kinachofunika valvu, na nyingine zina milango ya pembeni inayoonyesha krenki. Usifungue mlango wa pembeni wakati injini ina moto mkali, hasa ikiwa imezimwa kwa sababu ya kupata moto kupita kiasi. Ndani yake mna mvuke wa oili, na mahali penye moto pakikutana na mvuke huo na hewa mpya, hulipuka. Tarehe 11 Septemba 1947 meli ya Uingereza iitwayo Reina del Pacifico ilikuwa ikijaribiwa karibu na Belfast baada ya matengenezo. Pistoni moja ilipata joto kupita kiasi, mvuke wa oili ukalipuka ndani ya injini, na watu 28 wakafa. Injini zile zilikuwa kubwa mno kuliko ya mashua yetu, lakini mvuke ni mvuke. Ngoja ipoe. Fungua madirisha hewa ipite, na mtu asivute sigara.

Kifuniko kikitoka, kabla ya kukwangua, ziba tundu la injini kwa matambara safi, na uyahesabu. Matambara matatu yakiingia, matatu yatoke. Kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha mti mgumu au shaba, si kwa tindo. Mkwaruzo mmoja wa tindo ni njia ya oili. Tena gasketi za injini za zamani huenda zina asbesto, na vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usikwangue kavu, wala usitumie mashine ya kusugua. Lowesha kwanza, kwangua taratibu, vipande vitie mfukoni mwa plastiki, vifungwe na kupelekwa panapostahili.

Kisha laza rula ya chuma juu ya ukingo wa kifuniko. Ukiona mwanga chini yake, kifuniko kimepinda. Vifuniko vya bati hupinda kwenye matundu ya bolti kwa sababu ya watu wenye nguvu kama sisi usiku ule. Geuza kifuniko, weka juu ya kipande cha mti, gonga pole pole kwa nyundo mpaka kinyooke. Gasketi haiwezi kunyoosha kifuniko kilichopinda.

Gasketi iwe mpya. Ikiwa ya duka haipo, fundi aweza kuikata mwenyewe katika karatasi ya gasketi inayostahimili oili. Laza kifuniko juu ya karatasi, chora kwa penseli, kata kwa mkasi, matundu yatoboe kwa kitoboleo. Haichukui nusu saa. Karatasi ile tuliyokosa ilikuwa kipande kisichozidi gazeti.

Na gamu? Gamu ina kazi yake, lakini iwe nyembamba. Ukipaka nyingi, inayozidi hujikunja ndani, hukatika vipande, na vipande huvutwa kwenye chujio la pampu ya oili. Pampu ikikosa oili, beringi zinakauka. Mahali pengi pazuri ni kupaka kidogo upande wa kifuniko tu, ili gasketi isiteleze, na siku ya kufungua itoke na kifuniko chake. Gamu si gasketi, wala haifanyi gasketi iliyovunjika vipande vitatu kuwa moja.

Bolti zifunge zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kidogo kidogo, ukianza katikati ukienda nje, huku na huku, mizunguko miwili au mitatu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kifuniko kinainuka upande wa pili. Gasketi ya koki ukiikaza mno hupasuka. Yatosha ikibanwa sawasawa pande zote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Injini ina bomba la kupumulia. Hewa kidogo hupenya kando ya pete za pistoni kuingia chini, na bomba hilo ndilo linaloitoa. Bomba likizibwa na uchafu, nguvu hujaa ndani, na oili itasukumwa nje kwa mlango wowote ulio dhaifu. Utabadilisha gasketi leo, kesho itavuja. Utakaza, itavuja. Kwa hiyo kifuniko kinachovuja mara kwa mara, usikikaze tena. Safisha bomba la kupumulia. Ikiwa ni safi na bado kinavuja, tazama pete za pistoni.

Oili mpya iwe ya namba iliyoandikwa katika kitabu. Tia iliyo pungufu kidogo ya kipimo, ngoja ishuke, pima, ongeza. Mashua iwe imekaa sawa majini, watu wasijazane upande mmoja, maana injini ya mashua hulala kwa pembe na kijiti chake kimepimwa kwa pembe hiyo. Usizidishe. Oili ikizidi, krenki huipiga kama sabuni, ikafanya povu, na povu halilindi beringi. Kisha rudisha waya wa betri, washa, macho kwenye geji. Isipopanda kwa sekunde chache, zima. Ikipanda, acha injini iende, pitisha kidole chenye karatasi safi chini ya kila kifuniko. Zima, ngoja, pima tena.

Mwisho, safisha ngama mpaka ikauke. Ngama chafu huficha mvujo. Lau ngama ya mashua ile ingalikuwa safi, na lau tungaliiwasha nusu saa kabla ya kulala, tungaliona wenyewe matone yakidondoka.

Oili ya zamani isimwagwe ziwani. Maji haya twayanywa, na samaki hawa twawala. Itie katika pipa lenye kifuniko, ipelekwe mahali pa kuikusanya.

Na ngozi yako nayo ni chombo. Oili iliyotumika ina vitu vinavyoleta saratani ya ngozi. Vaa glavu. Usinawe kwa petroli wala dizeli, nawa kwa sabuni. Usiweke tambara la oili mfukoni mwa suruali siku nzima, kwa maana laigusa ngozi yako mahali ambapo hungependa kuugua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Glavu si zawadi wala hisani.

Sasa turudi kwenye ile barua. Mwenzetu alipoitwa kujieleza, alikwenda na mtu wa chama. Mtu wa chama hakupiga kelele. Aliomba daftari la kazi liletwe mezani. Pale pakaonekana tarehe, saa, na maneno ya mkono wake: gasketi ya mlango wa pembeni imevunjika, nimeomba nyingine, stoo hakuna. Chini yake hapakuwa na jibu la mtu yeyote. Mazungumzo yalibadilika saa ile ile. Barua ikafutwa, mshahara wake ukarudishwa, na stoo ikapata karatasi ya gasketi siku ya tatu. Kumbe karatasi ilikuwapo mjini wakati wote.

Twafurahi, lakini hatujisifu. Daftari lilimwokoa mwenzetu. Wale watu sita hawakuokolewa na daftari, waliokolewa na wavuvi. Sisi wawili tulijua mlango ule hauwezi kuzuia oili, tukaufunga. Tulimwogopa msimamizi kuliko ziwa. Hili twalikiri mbele yenu, maana chama ambacho huhesabu makosa ya wakubwa tu, na yake hakiyahesabu, hakiwezi kumfundisha mtu.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. La kwanza, kila ombi la kifaa liandikwe, kwa tarehe na saa, siku ile ile. Neno la mdomo hupeperuka, la wino hukaa. La pili, mkiambiwa mtoe chombo kisicho tayari, semeni wazi mbele ya msimamizi kwamba hakiko tayari na kwa nini, na mpelekeeni habari mtu wa chama usiku huo huo, msingoje barua. Sheria ile ile ya 2007 yamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari anayoiona kazini. Basi anayesema hatari hafanyi ukaidi, atimiza sheria. La tatu, halmashauri ya tawi imwombe mwajiri kwamba muda wa kazi ya oili uhesabiwe pamoja na kuziba, kuwasha, na kutazama mvujo. Kutoa oili na kutia nyingine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo inayorudisha watu nyumbani.

Sisi tuliosomeshwa shule za misheni twaikumbuka habari ya wanawali kumi na taa zao. Watano walikosa oili wakati wa kuhitajiwa, wakafungiwa mlango. Wanawali wale hawakuweka akiba. Sisi oili tulikuwa nayo, tukaiacha itoke kwa mlango tulioufunga vibaya.

Mashua ile bado yafanya kazi. Mlango wake wa pembeni una gasketi tuliyoikata kwa mikono yetu, na kila Jumatatu mmoja wetu hupitisha kidole chenye karatasi chini yake. Karatasi yatoka nyeupe.

 Mwenye swali na aulize.